Kila Fani na Kosa Inaloliogopa

Pesa yangu ya kwanza ya utafiti niliipata kwa kushika ndoo. Ilikuwa mwaka 2007, nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Kayenze, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, namsaidia mama kuanika dagaa. Boti ya watu wanaochunguza samaki ilifika mwaloni kwetu injini imegoma. Walipokuwa wanamsubiri fundi wakauliza nani hapa anaweza kuongea na wavuvi wazee kwa Kisukuma na kwa Kikerewe pia. Baba yangu ni Msukuma, mama ni Mkerewe wa Ukerewe kabisa. Watu wote wakageuka kuniangalia mimi.

Tangu hapo nimekuwa mkalimani, mwongozaji, mjaza madodoso na mbeba mizigo wa wasomi wa kila aina. Mwezi huu niko na watu wa samaki, mwezi ujao na watu wa kichocho, mwakani na mwanahistoria, halafu na mtu anayechimba tope chini ya ziwa. Mara nyingi hawajuani. Nimewahi kumsindikiza mmoja stendi ya Nyegezi asubuhi na jioni yake nikampokea mwingine palepale, wote wamekuja kwa ajili ya ziwa hilihili, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake yupo duniani.

Mwanzoni nilidhani usomi ni kitu kimoja, kwamba anayejua samaki na anayejua lugha wametoka jikoni pamoja, tofauti ni chakula tu. Kwa kudhani hivyo nikaharibu kazi za watu. Ilinichukua miaka kuona kwamba kila fani ina kosa moja inaloliogopa kuliko mengine yote, na hofu hiyo ndiyo inayopanga jinsi inavyouliza, inavyopima na inavyoandika. Siku hizi nikipewa kazi mpya, swali langu la kwanza kwa kiongozi wa msafara ni hili: tukikosea nini, safari yote imekufa?

Wale wa samaki walinijibu bila kufikiri. Lebo.

Walikuwa wanatafuta furu. Kwa sisi wa pwani ya ziwa, furu ni furu, samaki mdogo wa watoto na wa kuchokonoa mifupa. Sikuwa na habari kwamba katika ziwa hili kulikuwa na aina za furu zaidi ya 500, na karibu zote hazikuwepo popote pengine duniani. Miaka ya 1970 furu walikuwa sehemu kubwa mno ya samaki wa ziwa hili, yapata asilimia 80 ya uzito wa walionaswa na nyavu za kukokota chini. Waholanzi kutoka chuo cha Leiden walianza kuwachunguza hapa Ghuba ya Mwanza mwaka 1977. Sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, alikuwa ameshaletwa ziwani tangu miaka ya 1950 na 1960. Katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafla, na wale wachunguzi wakashuhudia samaki waliokuja kuwahesabu wakiisha mbele ya macho yao. Inakadiriwa kwamba aina 200 hivi zilipotea.

Sasa fikiria una ndoo ya furu 60 ambao kwa macho yangu ni walewale. Mtaalamu anamtoa mmoja mmoja, anampiga picha akiwa hai kwa sababu rangi hufifia akishakufa, anamtia kwenye chupa, halafu anaandika lebo kwa penseli kwenye kikaratasi kigumu: mahali, kina, tarehe, namba. Kikaratasi kinaingia ndani ya chupa pamoja na samaki. Penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwenye dawa. Ndani, kwa sababu ya nje hubanduka. Siku ya tatu, jua kali, mimi nikaweka lebo mbili kwenye chupa zisizo zake. Niligundua mwenyewe jioni na nikasema. Nilitegemea kuambiwa tutazibadilisha tu. Yule mtaalamu alizitazama zile chupa mbili muda mrefu, kisha akazitoa kabisa kwenye sanduku. "Dada, sasa sijui lebo ipi ni ya nani, na wewe pia hujui. Samaki asiye na mahali alikotoka ni kitoweo tu." Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi.

Nilielewa uzito wa neno lile tulipofika visiwa viwili tofauti. Kuna furu mmoja, dume lake limekolea wekundu mgongoni, ambaye wataalamu walimpa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Leo anaitwa Pundamilia nyererei. Ndugu yake wa karibu, mwenye dume la buluu, ni Pundamilia pundamilia, na ndiyo, ni punda milia wetu, kwa ajili ya mistari myeusi ubavuni. Kisiwani Makobe, ambako maji ni maangavu, mwekundu anakaa chini zaidi na wa buluu anakaa juu, na kila jike linamjua dume wake kwa rangi. Ukija kusini ndani ya ghuba, kisiwani Luanso, maji ni machafu. Mwanga wa buluu humezwa mapema, rangi hazionekani vizuri, majike hayachagui tena, na samaki wale wawili wamekuwa mmoja aliyechanganyika. Samaki yuleyule ukimwandikia Makobe anasema jambo moja, ukimwandikia Luanso anasema jingine. Kikaratasi changu cha penseli ndicho kilichobeba habari yote hiyo.

Boti hiyo ilikuwa na sahani nyeupe na nyeusi iliyofungwa kamba. Unaishusha majini hadi isionekane, unasoma kamba ina mita ngapi. Baba alipoiona alicheka, akasema kila mvuvi anafanya hivyo na kasia lake. Mtaalamu akamuuliza analishusha mpaka wapi na akaandika jibu. Nilimpenda kwa hilo.

Watu wa kichocho ni hofu nyingine kabisa. Kichocho cha matumbo kiko kwetu kwa sababu konokono wanaokibeba wanaishi pembeni mwa maji, palepale tunapofua na watoto wanapoogelea. Kazi yangu ilikuwa kupita kaya kwa kaya pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, kueleza, kupeleka vikopo, na kesho yake kuvikusanya. Maabara wanachukua kinyesi kidogo sana, miligramu 41.7, wanakibana kwenye kioo na kuhesabu mayai ya minyoo kwa hadubini. Idadi inazidishwa mara 24 ili kupata mayai kwa gramu moja. Fundi wa maabara aliniketisha siku moja niangalie. Akaniambia, ukihesabu yai moja ambalo halipo, umemwandikia mtoto mayai 24. Ukiliruka moja lililopo, umemwandikia sifuri.

Lakini hilo lilikuwa kosa dogo kwao. Kubwa walilojilinda nalo lilikuwa ridhaa, na hapo ndipo nilipokosea. Mama mmoja jirani yetu alisitasita kutia dole gumba. Mimi, kwa nia njema, nikamwambia kwa Kisukuma, "Mayu, sema ndiyo tu, hawa ni watu wangu." Akatia dole. Muuguzi aliyekuwa kiongozi wetu alikuwa Msukuma wa Magu, alisikia. Alirudi kwa yule mama, akakaa chini kwenye mkeka, akaanza upya mwanzo hadi mwisho, pamoja na kwamba anaweza kukataa na bado atapewa dawa. Mama akauliza maswali manne. Njiani muuguzi akaniambia: "Amekukubali wewe. Utafiti alikuwa bado hajaukubali." Nilinyamaza mpaka mwaloni.

Muuguzi huyohuyo ndiye aliyenisimulia utafiti mkubwa ulioifanya Mwanza itajwe vyuoni dunia nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika jamii 12 za mkoa huu, watafiti walipanga jozi sita. Katika kila jozi, upande mmoja vituo vya afya viliimarishwa ili kutibu vizuri magonjwa ya zinaa. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya Virusi vya Ukimwi upande uliotibiwa yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40. Matokeo yakatoka mwaka 1995. Halafu ng'ambo ya ziwa hilihili, Rakai nchini Uganda, wengine wakafanya jambo linalofanana: waliwapa watu wote dawa za magonjwa ya zinaa kwa awamu, wawe na dalili au wasiwe nazo. Mwaka 1999 wakatangaza kwamba maambukizi ya virusi hayakupungua.

Nilimuuliza muuguzi: basi nani alikosea? Akasema swali hilo waliliuliza wakubwa kwa miaka. Huku tiba ilikuwepo kituoni kila siku kwa mwenye dalili. Kule ilikuja kwa awamu na kuondoka. Huku janga lilikuwa bado changa kidogo. Kule lilikuwa limeshakomaa, njia za kuambukizana zimekuwa nyingine. Huenda wote wawili walipima sawasawa. Kwangu lilikuwa jambo geni sana, kwamba watu waaminifu wawili kwenye maji mamoja wanaweza kupata majibu mawili, na kazi inayofuata ni kutafuta kwa nini badala ya kuchagua wa kumwamini. Nimelitumia hata nyumbani, kwenye ugomvi wa ndugu.

Kosa langu kubwa zaidi nililifanya kwa mwanahistoria. Naliandika hapa kwa sababu wanaofanya ukalimani watalihitaji.

Alikuwa anafuatilia pamba. Kabla ya uhuru, wakulima wa Usukuma walilalamikia mizani ya wanunuzi. Malalamiko hayo ni sehemu ya yaliyozaa vyama vya ushirika vya ukanda huu, chini ya watu kama Paul Bomani, vikakua mpaka kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Hayo yamo kwenye majalada. Yeye alitaka kuyasikia kutoka kwa waliobeba pamba. Tukaenda Magu kwa bibi mmoja mzee sana. "Mwangaluka, mayu." "Mwangaluka, mhola." Akatupa viti, akaanza.

Aliongea kama dakika kumi bila kupumzika. Mimi nikamgeukia mwanahistoria nikasema: "Anasema waliibiwa kwenye mizani." Akaandika, tukaendelea. Kinasa sauti kilikuwa kinazunguka.

Miezi miwili baadaye akanipigia simu. Kanda ilikuwa imeandikwa neno kwa neno na kijana mwingine. Bibi hakusema kwamba waliibiwa. Alisema kwamba mama yake alibeba furushi la pamba kichwani kutoka shambani msimu baada ya msimu, na alipokuwa anabeba alikuwa anajua kwa shingo yake furushi la leo na furushi la jana lipi zito. Siku moja furushi zito kuliko yote likasomwa kwenye mizani kuwa jepesi. Mama akarudi nyumbani akimwambia mumewe, "Shingo yangu haijawahi kunidanganya." Baba yake bibi akaenda kwenye mkutano wa wakulima akiwa na maneno hayo.

"Majalada yangu yamejaa neno kuibiwa," mwanahistoria aliniambia. "Shingo ya yule mama ilikuwa haimo." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaribia kupoteza kitu. Nilitetea kwamba maana ni ileile. Akasema hapana. Neno langu lilikuwa hukumu, ya bibi ulikuwa ushahidi, na kazi yake yeye ni kuogopa hukumu inayokuja imevaa nguo za ushahidi. Tukarudi Magu mimi na yeye, nikatafsiri upya sentensi kwa sentensi, na kila nilipotaka kufupisha niliuma ulimi. Bibi alifariki mwaka uliofuata.

Mwanajiolojia aliyekuja na mabomba ya tope nilikuwa naye wiki moja tu. Hofu yake ilikuwa juu na chini. Bomba likitoka kwenye sakafu ya ziwa, mshale unachorwa papo hapo upande wa juu, kabla mtu hajajifuta hata mikono, maana ukiligeuza umegeuza wakati wenyewe. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba tope la namna hiyo, lililotolewa na wenzake miaka ya 1990, lina tabaka la udongo mkavu lenye alama za mizizi. Ziwa hili lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800 lilikauka, yapata miaka 15,000 iliyopita. Palikuwa na majani hapo tunapotega nyavu. Nilisisimka mwili. Nilikumbuka furu wangu, nikamuuliza: kama lilikauka, aina 500 zimetoka wapi kwa muda mfupi hivyo? Akatabasamu, akasema hilo ndilo linalowakosesha usingizi watu wa samaki. Wengine wamepata dalili kwamba furu wa ziwa hili walitokana na mchanganyiko wa mababu wa mito tofauti, na mchanganyiko huo ndio uliowapa wepesi wa kugawanyika. Wote wawili wanahitajiana hivyo, lakini nilikuwa mimi, na kidato changu cha nne, niliyekuwa nimekaa na wote wawili kwenye boti.

Nitasema jambo moja ambalo linaniudhi. Watu wetu wanatoa kinyesi, damu, hadithi za mama zao na majina ya samaki wao, na wengi hawasikii tena kilichopatikana. Mtendaji wa kijiji anapiga muhuri barua ya kibali, msafara unapita, kimya. Mvuvi mmoja mzee aliniuliza mbele ya wageni, "Mwanangu, wale wa mwaka juzi walipata nini?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo sikubali kazi kabla hatujakubaliana siku ya kurudi na mrejesho, kwa lugha ya watu wenyewe, hata kama ni saa moja chini ya mti. Wawili wameshakataa na nikaacha posho yao.

Mwanaisimu alinichosha kuliko wote. Alinitaka niseme neno moja la Kisukuma mara 20, peke yake, katikati ya sentensi, mwishoni mwa sentensi. Nilimwambia, niulize tu kama tunasema hivi au vile. Akakataa kabisa. Akiniuliza hivyo nitamkubalia kwa adabu, na lugha atakayoiandika itakuwa yake yeye. Baada ya siku nne alinionyesha alichokuwa anakisikia: toni ya juu katika Kisukuma, yaani pale sauti inapopanda, haitui kwenye silabi inayoimiliki, inaruka mbele silabi mbili na kutua huko, wakati mwingine ndani ya neno linalofuata. Nilitamka, nikasikiliza, nikatamka tena. Nimeifanya kazi hiyo kinywani tangu utotoni na sikuwahi kuiona. Usiku ule nilimpigia mama, Mkerewe aliyejifunza Kisukuma kwa ndoa, nikamuuliza nini kilimpa shida. "Hao watu wa baba yako," akasema, "wimbo wao unachelewa."

Mwanaisimu huyo na mtaalamu mmoja wa samaki walikutana kwa bahati, kwa sababu mimi nilikuwa nimewaahidi wote wawili Jumamosi moja. Kwa aibu nikawapakia kwenye mtumbwi mmoja mpaka kisiwani kwa mzee aliyevua furu kabla ya sangara. Mtaalamu alimimina samaki wa asubuhi kwenye beseni jeupe. Mzee akawagusa kwa kidole, mmoja mmoja, akiwataja. Kwangu wote furu. Kwake majina saba. Mwanaisimu aliwasha kinasa sauti. Mtaalamu alikuwa anaandika huku mkono unatetemeka.

Kisha mzee akataja jina la nane. Tukatazama kwenye beseni, hakuna samaki aliyebaki. Akaendelea kumweleza: mdomo ulivyochongoka, tumbo lilivyong'aa, alivyokuja karibu na mwamba msimu wa mvua za vuli, ladha yake ikichomwa. Nikawatazama wageni wangu. Mmoja alikuwa na kitabu cha picha za zamani mkobani, na niliona mkono wake unaenda kwenye zipu, unasimama, unarudi gotini. Mwingine alikuwa amefungua kinywa kuuliza, akakifunga. Hakuna aliyetaka kumtia mzee neno kinywani. Tulikaa hivyo mpaka mzee alipomaliza mwenyewe, akalitaja jina tena, taratibu, bila kuombwa.

Mtaalamu akanigeukia akanong'ona, "Dada, niandikie lebo." Nikachukua penseli. Nikaandika jina kama mzee alivyolitamka, mahali, tarehe, kina alichosema alikuwa akitegea, na pale pa namba nikaacha wazi. Kikaratasi kikakauka mkononi mwangu. Chupa ya kukitia haikuwepo, nikakiweka katikati ya kurasa za daftari langu, na bado kimo.